Komeo la Chooni

Siku yangu ya kwanza kazini Mratibu wa mradi alinikabidhi funguo saba na boksi la njano la kutupia sindano zilizotumika. Nilidhani amekosea mtu. Mimi ni seremala. Niliajiriwa kusimamia nyumba ya vyumba saba hapa Bagamoyo, ya watu waliokuwa wakilala kwenye magofu ya mji wa kale. Wengi wao walitumia unga, yaani heroini.

"Mama, si waache kwanza ndiyo wapewe chumba?" nilimuuliza.

"Hiyo ni soba hausi, fundi. Hapa mtu anapewa ufunguo leo, hivyo hivyo alivyo. Akitaka kuacha, tunampeleka akaanze methadoni, dawa ya kumwachisha unga. Asipotaka, tunahakikisha hafi. Kazi hii inaitwa kupunguza madhara."

Nilirudi nyumbani nimeduwaa.

Kilichonishtua zaidi ni mlango wa choo. Ulifunguka kuelekea nje, na kwa ndani haukuwa na komeo. Mratibu alisema nisiuguse, ni kwa usalama. Sikuuliza usalama gani.

Chumba namba tatu alikaa Mzee Sefu, mshona kofia wa zamani. Kila asubuhi alinisema.

"Fundi, mtu mzima nachutama mlango wazi kama duka? Hata kule kwenye gofu nilikuwa na pazia la kiroba!"

Nilimwonea haya. Kwetu hata asiye na kitu ana sitara yake. Nikafunga komeo kwa skrubu nne, sikumwambia mtu, nikaona nimetenda wema.

Baadaye Mzee Sefu alikwenda kwa ndugu zake Lugoba, akakaa siku ishirini bila kugusa unga. Alirudi baada ya adhuhuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nimenenepa, au macho yako mabovu?"

Akaingia chooni. Nikaendelea kupiga randa ubao wangu, mpaka mpangaji mwenzake alipokuja kuniambia mzee hatoki wala haitiki. Niligonga. Ndani nikasikia mkoromo mzito, nikacheka.

"Amelala huyu."

Muuguzi wetu alitoka chumbani kwake mbio. "Huo si usingizi! Pumzi inamkatika! Fungua!"

Mlango unaofunguka kuelekea nje huwezi kuupiga teke ukaingia. Bahati, bawaba zake huwa upande wa nje. Nikachukua nyundo na msumari kuzitoa pini. Ya juu ilitoka. Ya chini ilikuwa na kutu.

Mkoromo ukakoma.

Mlango ulipong'oka, midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Muuguzi alimchoma naloksoni pajani, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, akampulizia pumzi mdomoni. Nilisimama na nyundo mkononi, siwezi hata kuiweka chini. Kisha mzee akakohoa.

"Fundi," alisema, "umevunja mlango wangu?"

Muuguzi alinieleza baadaye: mwili uliokaa siku ishirini bila unga umeshapoteza uzoefu wake, na kipimo kile kile cha zamani kinaua.

Mratibu alipofika, aliliangalia komeo. "Nani kaweka hili?"

"Mimi," alijibu Mzee Sefu, amelala mkekani.

"Mzee anadanganya," nikasema. "Ni mimi."

Hakunigombeza. Alisema, "Basi nitengenezee mlango unaomsitiri mtu, na mimi nikitaka kuingia niingie."

Ilinichukua siku mbili: komeo la kufungia ndani, lenye mfuo mwembamba upande wa nje, ukitaka kulifungua unaligeuza kwa mpini wa kijiko. Tukaweka na utaratibu wa kubisha kila baada ya dakika chache. Nilipohamishiwa nyumba nyingine ya mradi, ya Msata, nilianza kwa mlango huo kabla ya kitanda chochote. Mzee Sefu alianza methadoni mwaka wa pili, siku aliyoamua mwenyewe.

Nimestaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano. Mkoromo bado unanishtua, hata wa mgeni aliyeshiba. Choo cha nyumbani kwangu nimekifungia komeo la aina ile, na mke wangu akichelewa kutoka, miguu inanipeleka yenyewe mlangoni.

"Hodi. Uko salama?"

"Niko hai, baba Mwanaidi! Niache nioge!"

Nasubiri mpaka nisikie maji yakimwagika, ndipo naondoka.