Geti Nililolifunga Mwenyewe

Nichekeni haraka, maana nimechoka. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayewatumia wazazi habari za shule yetu hapa Tunduma kwa simu. Wiki ile, hoi kwa kusahihisha mitihani, niliandika kwa hasira: "Kikao cha wazazi ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Atakayechelewa atabaki nje ya geti."

Jumatatu simu ikaniambia muda upo. Nikanywa chai taratibu, nikapiga pasi mpaka soksi. Njiani nikamkuta Mama Neema anakimbia.

"Mama, utaanguka bure! Bado lisaa lizima."

Akanishukuru, tukatembea polepole tukilalamikia vumbi la malori.

Geti lilikuwa limefungwa. Nikaitazama simu vizuri: ilikuwa imenasa mtandao wa Zambia, ikajirudisha nyuma saa moja, kama kawaida yake huku mpakani. Na mimi mzaliwa wa hapahapa!

"Fungua, bwana," nikamwambia mlinzi.

"Mwalimu, tangazo si lako?"

Ndani, kipaza sauti cha mwalimu mkuu kikavuma: "Sasa namkaribisha mwalimu wetu wa habari, mtu anayejali muda!"

Wazazi wakapiga makofi. Mama Neema, pembeni yangu, hakupiga.