Wavuvi Niliowaokoa kwa Kipaza Sauti

Siku yangu ya kwanza kwenye banda la video pale Kijenge sikushika kipaza sauti. Nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, maana kikichafuka picha hujaa chenga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilitosha. Baada ya wiki chache Mtafsiri Mkuu wa banda alinikalisha kando ya runinga, akapunguza sauti ya filamu. "Ongea," akasema. "Wazungu wakinyamaza, wewe usinyamaze."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kusema Kiswahili juu ya midomo ya watu wengine, papo hapo, bila karatasi. Ninyi mnaoingiza sauti kwa kompyuta mnaweza kurudi nyuma mkafuta. Neno letu likishatoka, mtu aliondoka nalo nyumbani.

Nikahamishiwa banda la Nduruma. Huko tulipata mkanda wa wavuvi sita waliokutwa na dhoruba baharini. Chombo kinazama, wote wanakufa. Mwishoni wake zao wako kanisani, na kwa kuwa miili haikupatikana, hakuna jeneza hata moja.

Mara ya kwanza nilitafsiri kama ilivyo. Watu wakazomea, wakanirushia maganda ya miwa. Mwenye banda akaniita nje.

"Umesoma lakini huna akili. Stelingi wa filamu hafi kwenye banda langu. Umeona jeneza?"

"Hapana, mzee."

"Basi hiyo ni ibada ya shukrani."

Tangu siku hiyo nikawaokoa. Nilisema mawimbi yamewatupa kisiwani, habari zimefika, wake zao wanamshukuru Mungu. Banda zima lilipiga makofi, nami nikajiona fundi.

Jumapili moja alikuja Mama Elibariki wa Nkoaranga, na kitenge chake cha kanisani. Mwanawe alikuwa mvuvi Ziwa Viktoria. Mtumbwi ulipinduka, mwili haukuonekana. Ukoo ulitaka kuzika mgomba badala ya mwili, ili msiba uishe na mke wa Elibariki awe huru. Mama alikuwa bado hajakubali. Jirani alimsimulia filamu yangu, naye akashuka aione mwenyewe. Ilipokwisha akanifuata.

"Mwalimu, hao walikaa kisiwani muda gani?"

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Mwenye banda hakuwepo. Hakuna aliyenilazimisha.

"Miaka mingi, mama," nilisema. "Huwa wanarudi."

Akaenda kuukataa mgomba. Nilisikia, nikanyamaza. Nikarudishwa Kijenge, nikawa Mtafsiri Mkuu, nikastaafu watu walipohamia kwenye simu. Miaka yote hiyo mkwe wa mama yule alikuwa akizeeka, si mke wala mjane.

Mwezi uliopita binti yangu aliiweka filamu ile kwenye runinga yake, ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini. Mchungaji alipoanza kusoma majina ya marehemu, binti akanigeukia.

"Baba, si ulitusimulia kwamba walipona?"

"Nilidanganya."

"Ukawadanganya wangapi?"

"Wote. Lakini aliyeniuliza ni mmoja."

Kesho yake nilipanda Nkoaranga kwa miguu, nikipumzika kila kona. Mama Elibariki alikuwa barazani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezeeka, mwalimu."

Nikamweleza. Sikumtaja mwenye banda. "Walikufa wote, mama. Na nilijua."

Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha.

"Mkwe wangu yuko shambani," akasema. "Huyo ndiye wa kumwomba msamaha. Ukitoka huko, uje Jumamosi na jembe. Wazee waliotaka kuchimba wameshakufa."

Mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye palizi. Sikustahili zaidi.

Jumamosi nilichimba. Pumzi haitoshi siku hizi. Shimo lilipofika magotini nilikaa ukingoni. Mgomba ulikuwa umeshakatwa, umefunikwa shuka jeupe. Mama akaja na fimbo yake, akalipima shimo kwa macho, kichwani hadi miguuni.

"Alikuwa mrefu," akasema. "Ongeza."