Uwele Ndani ya Kiwanja Chetu

Neno uonevu mimi nililijua lina kelele. Baba alikuwa akitusimulia jinsi karani wa mkoloni alivyomtukana babu mbele ya watoto wake, nikakua nikiamini kwamba mwonevu hufoka, hushika kiboko, na siku zote ni mtu mwingine. Mimi sijawahi kumfokea mtu mzima. Nilipohamishiwa Dodoma, karani wa serikali mwenye sketi za mtumba na maringo ya kutosha, nilijiona mtu wa haki kabisa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Kila aliyepata saruji alijenga, na sisi, mume wangu na mimi, tukapata kiwanja Ipagala, kimepimwa na hati tunayo. Tukainua vyumba viwili upande mmoja. Eneo lote lile lilikuwa shamba la bibi mmoja wa Kigogo, alilorithi kwa mama yake. Viwanja vilipopimwa aliambiwa ahame, akaenda kujibanza kwa ndugu yake Nzuguni. Mvua zilipokaribia alikuja kuniomba apande uwele pale palipobaki wazi.

"Mpaka mtakapojenga, mwanangu," alisema. "Sina pengine pa kulima."

Nikamkubalia. Nani angekataa?

Basi ikawa hivyo kila msimu. Aliberega, yaani alifyeka na kuchoma majani bila kuitifua ardhi, kisha akapanda, akapalilia, akavuna. Chakula chake cha mwaka kilitoka pale. Na kila akivuna aliniletea mlenda wa kukausha na uwele kidogo kwenye ungo, akiwaambia majirani, nami nasikia, kwamba nina roho nzuri. Jamani, maneno yale yalikuwa matamu. Nilikuwa naletewa zawadi kutoka kwenye shamba lake mwenyewe, na nilizipokea nikiona nimezistahili.

Mwaka mmoja mume wangu akasema tukipata tu lori la mawe tunajenga ukuta. "Mwambie yule bibi safari hii asipande. Atafute pengine mapema."

"Nitamwambia," nikajibu.

Asubuhi bibi alipokuja na jembe begani, nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Maneno yalinifika kooni. Nikamtazama usoni, nikaona nitakavyoshuka machoni pake, nikayameza pamoja na chai. "Karibu, bibi. Lima tu." Nilimnyima nafasi ya kutafuta shamba lingine ili niendelee kusifiwa msimu mmoja zaidi. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine miaka yote hii, yenye heshima kidogo, sijaipata.

Mawe yalikuja masuke yakiwa bado mabichi, punje zina maziwa. Mafundi wakachimba msingi, lori likamwaga mzigo wake katikati ya uwele. Mume wangu alidhani bibi alipanda kwa ubishi. Akasema watu wengine hata uwaeleze vipi hawasikii, nami nikaendelea kupepeta mchele.

Bibi alikuja kesho yake. Nilimwona kutoka dirishani akiokota masuke kati ya mawe, akiyapangusa udongo na kuyatia kwenye kanga, ingawa yeye kuliko mtu yeyote alijua hayafai kitu. Nikatoka nikiwa nimejipanga: kiwanja ni chetu, hati ipo, tumekusaidia siku nyingi. Nilitamani anigombeze. Angenigombeza ningepata pa kuanzia, tungejibizana, na mwisho wa siku ningelala nikiwa mtu aliyetukanwa bure.

Aliponiona akaweka kanga chini, akapiga goti kidogo. Mwanamke wa umri wa mama yangu mzazi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nisamehe. Nimewachelewesha mafundi wako."

Jibu sikulifikiria. Lilitoka lenyewe, kwa upole, kwa sauti nzuri kabisa.

"Marahaba, bibi. Hamna neno, nimeshakusamehe."