Stempu Iliyopita Juu ya Kizibo

Mji wa Kale walinijua kwa chupa. Mchana nilikuwa karani kwenye bohari moja ya Kilindini. Jioni nilipita mtaa wa Ndia Kuu nikiulizia chupa kuukuu za dawa kutoka Uingereza. Dawa yenyewe sikuitaka. Nilitaka ile karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya kizibo, stempu ya kuonyesha kwamba ushuru umekwisha lipwa.

Tabu ni kuwa stempu hiyo ilibandikwa ili ichanike. Ilipita juu ya kizibo ikashuka shingoni pande zote mbili, huwezi kuifungua chupa bila kuirarua. Tena dawa za madukani kwetu hazikuwa nayo, kwani ushuru ule ulikuwa wa dawa zinazouzwa huko Uingereza kwenyewe. Zenye stempu zilikuja ndani ya masanduku ya abiria na mabaharia. Basi nikawa na vipande tu: hiki kina taji na bei, kile kina mwisho wa jina la mtengenezaji. Nilivipanga mezani, nikivikagua kwa kioo cha kukuzia, na kila nilipodhani viwili vimetoka chupa moja, mipasuko ilikataa kukutana.

"Takataka za watu hizo," mke wangu alikuwa akisema.

Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, baharia mmoja aliyefuata mzigo boharini aliniambia kwamba ushuru wa dawa umefutwa Uingereza. Chupa mpya zitakuja na vizibo vitupu. Nilirudi nyumbani nimeudhika kama niliyedhulumiwa.

Ilikuwa imebaki chupa moja niliyoijua. Marehemu mume wa shangazi yangu alikuwa mpishi wa meli, akamletea mkewe dawa ya kifua kutoka safari yake ya mwisho. Shangazi hakuifungua kamwe. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, shangazi. Ile chupa bado ipo?"

"Marahaba, mwanangu. Ipo kabatini. Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka ile karatasi ya juu tu. Nitaibandua mwenyewe, polepole."

Aligeuka kulitazama kabati. "Aliniletea kwa mkono wake. Ngoja nifikiri."

Alifikiri kwa miezi. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda, nikanywa kahawa, nikasikiliza habari za magoti yake, nikarudi mikono mitupu. Nilimsisitizia jambo moja tu: asiifungue.

Siku moja akaniita. Chupa ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, inametameta.

"Niliona haya kukupa kitu chenye vumbi la miaka," akasema. "Nimeiroweka maji moto na sabuni, nikaisugua ubavuni. Sikuifungua, kama ulivyoniambia."

Stempu ilikuwapo, nzima, haina mpasuko hata mmoja. Nayo ilikuwa nyeupe pe. Wino wa stempu zile ulitengenezwa makusudi uyeyuke kwenye maji, ili mtu asizitumie mara ya pili. Hata lebo ya ubavuni ilikuwa imebanduka.

"Imetakata, eh?"

"Imetakata sana, shangazi." Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Mama wa watu ametoa ukumbusho wa mumewe.

"Basi shangazi, acha ikae hapa kwako. Nitakuwa nikija kuitazama."

Uso ukambadilika. "Miezi yote hii umenisumbua, umenifanya nilie peke yangu mbele ya kabati, leo huitaki?"

"Naitaka."

"Basi ichukue!"

Nikaichukua. Njia nzima niliibana kwapani kwa hasira, watu wakinisalimu nikiwaitikia nusunusu. Mke wangu aliigeuza chupa mikononi, akauliza stempu yenyewe iko wapi. Nilimwonyesha ule ukanda mweupe. Kwa mara ya kwanza hakusema takataka. Alikwenda kuniletea chai, nami nikakaa na kioo changu nikitafuta herufi, hata moja. Sikuiona. Mpaka leo sijui dawa ile ilitengenezwa na nani.