Ncha ya Pili ya Mpira

Watu wa kazini humwita Kigingi, na wengi hudhani ni kwa sababu ya umbo lake: mwembamba, mkavu, akishasimama mahali hang'oki mpaka kazi iishe. Yeye huitika tu. Hajawahi kumsahihisha mtu. Jina lilianza kama kejeli, likazoeleka, na anayejua lilikotoka ni yeye na mafundi wachache wa zamani.

Kabla ya kuwa Kigingi alikuwa mbeba zege. Alianza akiwa na miaka kumi na saba, pamoja na wenzake watano wa ua mmoja. Ua wenyewe ulikuwa na vyumba vinane, bomba moja, na kamba ya nguo iliyokatiza katikati, ambayo kila mtu mzima alilazimika kuiinamia. Walikulia hapo pamoja, wakaugua surua pamoja, wakaacha shule mmoja baada ya mwingine kama shanga zinazochomoka kwenye uzi. Kazi ya ujenzi nayo iliwapata wote kwa mpigo: kukoroga saruji, kubeba tofali, kupandisha karai kwa ngazi.

Mmoja wao alikuwa Pacha. Yeye na Kigingi hawakutoka tumbo moja. Walizaliwa wiki moja, mama yake Kigingi akalazwa hospitali miezi miwili, na mama wa yule mwingine akawanyonyesha wote wawili, huyu kulia, huyu kushoto. Tangu hapo ua mzima uliwaita mapacha, nao wenyewe wakaitana hivyohivyo, Pacha kwa Pacha, mpaka ukubwani.

Hamu ya kushika mwiko wa fundi ilimwingia Kigingi taratibu, kwa kusimama. Mbeba zege husimama sana akisubiri karai tupu, na wenzake walipotazama barabarani, yeye alitazama mikono ya mafundi. Aliona fundi mzuri hapigi tofali mara tatu, hupiga moja na kulisukuma kwa kiganja. Aliona kwamba fundi mbaya hujulikana kwa saruji iliyodondoka chini. Baada ya miaka minne ya kutazama, akaanza kutumia saa ya chakula kujenga ukuta mfupi nyuma ya stoo, kwa vipande vya tofali na udongo mtupu. Anajenga, anaubomoa, anarudi kwenye karai.

Wenzake walipogundua, walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada mkubwa wa kundi alimwambia mwiko anao tayari, uko jikoni, na ukimpotea atamwazima wake. Wakikaa kula walimtengea nafasi: mpisheni fundi, asije akachafuka. Wengine walisema ameota mapembe. Walikuwa wakisema kwa utani, lakini utani ule ulirudi kila siku saa ileile kama deni, nao haukuwa na siku ya mapumziko.

Pacha peke yake hakumcheka. Alikuja nyuma ya stoo, akachuchumaa, akamshikia uzi wa kunyooshea tofali. Kwa mwaka mzima alimshikia uzi. Alijifunza hata kipimo cha udongo alioupenda mwenzake, usiwe mwepesi wa kumwagika wala mzito wa kugoma, na akawa anamkorogea bila kuambiwa.

Siku moja fundi mmoja akahama, na msimamizi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea, akamwita. Alikuwa ameuona ukuta wa nyuma ya stoo muda mrefu. Alimpa chumba kidogo cha kuhifadhia vifaa: pembe nne, mistari mitatu ya mwanzo ya tofali.

"Ikikaa sawa, Jumatatu nakuandika na mafundi," alisema. "Isipokaa, unarudi kwenye karai, na habari hii nisiisikie tena."

Sasa, pimamaji ya fundi hupima tofali mbili tatu tu. Kupima pembe hadi pembe ya chumba hutumika mpira mrefu unaopenya mwanga, uliojazwa maji. Mtu mmoja hushika ncha ya kwanza kwenye alama ya kuanzia, mwingine huenda na ncha ya pili kwenye pembe inayofuata. Ncha zote mbili zikiwa wazi, maji husimama kimo kimoja hata kama kati yao kuna kilima. Hayana upendeleo. Ndiyo maana mafundi huyaamini kuliko macho yao.

Lakini mpira unataka watu wawili. Yeye hakuhitaji kufikiri amwite nani.

Asubuhi ile Pacha alisimama pembe ya kwanza, ncha yake ikigusa alama. Yeye akaenda pembe ya pili na penseli. Maji yaliyumba, yakapanda, yakashuka, yakatulia. Akachora. Pembe ya tatu maji yalitulia upesi, karibu bila kuyumba, naye moyoni akafurahi, akaona hata maji yako upande wake leo. Ya nne vilevile.

Desturi ya kazi ni kwamba ukimaliza pembe ya nne hukunji mpira. Unarudi nao hadi pembe ya kwanza, unaziweka ncha mbili bega kwa bega, unatazama kama zinakubaliana. Aliifahamu desturi hiyo kama jina lake. Lakini kurudi pale kungekuwa kumwambia Pacha, mbele ya wale waliokuwa wameacha karai zao ili watazame, kwamba hamwamini. Aliona haya. Akakunja mpira.

Pacha alipompa kikombe cha maji ya kunywa, aliona kidole gumba cha Pacha kimebonyea duara safi, jekundu, kama kimepigwa muhuri.

"Nani kakuvisha pete huko?" alimtania.

"Mpira wako," Pacha akasema. "Umenichumbia."

Wakacheka wote wawili. Kati ya mambo yote ya siku ile, kicheko hicho ndicho ambacho hadi leo hajui akiweke wapi.

Alijenga siku hiyo na iliyofuata. Mistari ilinyooka, tofali zilikaa, hakuna saruji iliyodondoka. Alasiri ya siku ya pili msimamizi akaja na mpira wake mwenyewe na fundi wake wa siku nyingi. Wakapima pembe kwa pembe. Kwenye ya tatu msimamizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukuta ulikuwa umezama vidole vitatu.

Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Ulirudi pembe ya kwanza?" Kisha akasema ukuta ubomolewe kabla saruji haijashika sawasawa.

Wenzake walikuja na nyundo wakiwa wachangamfu kuliko walivyokuwa wiki nzima. Pacha ndiye aliyetoa tofali la kwanza. Alilikwangua pande zote, akalilaza kando kwa uangalifu, vilevile alivyofundishwa nyuma ya stoo. Yeye alisimama akikitazama kidole kile kikikwangua, na ndipo alipoikumbuka pete. Ncha ikizibwa kwa kidole, maji hayana pa kwenda. Hubaki palepale ndani ya mpira, popote uyabebapo, yametulia, nawe ukadhani yamekubali.

Jioni alimkuta Pacha bombani pale uani, akiosha miguu.

"Pacha, kidole chako kilikuwa wapi?"

"Kidole gani?"

"Nilikiona. Kilikuwa na pete."

Pacha aliendelea kuosha mguu ambao ulikwisha takata. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Ungepita, ungembebesha nani karai? Si mimi? Ungesimama juu unaniambia lete, toa, fanya haraka, wote wananitazama." Akafunga bomba. "Na kile kilikuwa chumba cha stoo tu. Hakuna aliyekufa. Kesho twende kazini kama kawaida."

Mama wa Pacha alikuwa kwenye kamba ya nguo, anaanua. Alimwita mwanangu, kama siku zote, akamwambia kwamba mwenzake kamzuia asije akaanguka kutoka juu zaidi, na mtu mwenye akili angeshukuru. Alisema polepole, akikunja shati. Kwenye mlango wa tatu dada mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na kwenye uso wake hapakuwa na mshangao wowote.

Hapo alielewa kwamba ua mzima ulijua. Walijua tangu asubuhi ya mpira, walipoacha karai zao wakaja kutazama. Na jambo moja la ajabu likamwingia: wale waliomcheka mwaka mzima hakuwadai kitu. Walimwambia usoni, akasikia, akaendelea. Aliyemmaliza ni yule ambaye hakuwahi kumcheka.

Kesho yake alirudi kwenye karai, kwa sababu mtu hula. Alibeba miezi tisa. Wakawa wapole kwake, wakampisha kivulini, wakamcheka kwa mambo mengine kabisa. Kwao yalikuwa yamekwisha. Kisha akahama ua bila kuaga, akaomba kazi ya ufundi mahali pengine kabisa, na huko msimamizi mpya alipomuuliza nani atamshikia mpira, akachonga kigingi. Akakipigilia pembe ya kwanza, akaifunga ncha kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akawa anaenda pembe ya pili, anarudi kutazama alama, anaenda tena. Kazi ya nusu saa ilimchukua saa mbili. Mafundi walicheka wakamwita Kigingi. Ukuta wake haukuzama hata unywele.

Miaka kumi na minne imepita. Ana mafundi sita chini yake sasa, na magoti yanayolia akichuchumaa.

Mwaka huu waliletewa wabeba zege wapya, na mmoja wao alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni. Pacha. Alishika kofia kifuani kama mgeni. Mama alikwisha fariki, akasema, na alimtaja hadi siku za mwisho. Kigingi alimpa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli, kwa sababu maziwa aliyoyanyonya hayakuwa na kosa.

Ilikuwa asubuhi ya kupima pembe. Alikuwa ameinama na nyundo, goti limegoma, kigingi kimekataa kuingia kwenye ardhi kavu. Pacha alimtazama kidogo, kisha akanyoosha mkono kwenye ncha ya mpira.

"Nikushikie, Pacha? Utajichosha bure."

Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka kumi na minne. Kwa pumzi moja mkono wake ulitaka kumpa. Mkono una kumbukumbu zake, haumsikilizi mwenyewe.

"Kigingi hakina kidole gumba," akasema.

Pacha alicheka, kicheko kilekile cha kikombe cha maji, kisha akaona anacheka peke yake. Akaenda kukoroga saruji.

Kigingi alikipigilia, akafunga ncha, akaenda pembe ya pili, akarudi, akaenda tena. Karai la kwanza lilipofika alichota kwa mwiko bila kutazama. Saruji haikumwagika wala haikugoma. Ilikuwa imekorogwa vilevile anavyoipenda, na hakuwa amemwambia mtu.

Aliilaza kwenye msingi, akaweka tofali, akalisukuma kwa kiganja. Kisha akarudi pembe ya kwanza kuhakikisha.