Alama za Madam Chinsaga

Dolphine Nyakerario si mtu wa kusukumwasukumwa, na kama huamini waulize walimu wa Ndhiwa. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni wa kukubali kila kitu: mwembamba, sauti ya chini, viatu vyenye tope la shamba la shule. Bwana Obare, mwalimu mkuu wake, alidhani hivyo hivyo. Alikawia sana kujua alivyokosea.

Baba yake Dolphine ni Mgusii aliyehamia Ndhiwa kuuza ndizi, kwa hiyo binti amekulia hapo hapo na Kijaluo anakimwaga kama mwenyeji yeyote. Mboga ya saga ndiyo iliyomlea. Jirani zake huiita dek, mama yake huiita chinsaga, na kwa jina lolote lile ni chungu mpaka uizoee. Alipoanza kufundisha Kilimo sekondari msingi, wanafunzi walimbandika jina la Madam Chinsaga. Alilisikia, likampendeza, akajifanya hajasikia.

Kazini alikuwa mwanagenzi. Hilo ndilo jina la adabu walilopewa walimu wa mkataba, watu wanaofanya kazi nzima nzima huku wakiambiwa bado wanajaribiwa. Alisomea Kilimo na Biolojia, lakini kwa kuwa walimu hawakutosha alibebeshwa na Hisabati, na michezo, na hata muziki, yeye ambaye kanisani huimba kwa kuchungulia midomo ya wenzake. Wanagenzi walipoandamana na matawi mikononi kudai ajira ya kudumu, alikwenda nao akapiga kelele hadi koo likakauka. Kisha akarudi kufundisha, maana watoto hawakuwa na kosa. Ajira hiyo ya kudumu ndiyo aliyoilalia na kuiamkia. Na njia ya kuipata ilipita mlangoni kwa Obare, kwani yeye ndiye angeulizwa ni mwanagenzi gani anayefaa.

Basi ukaja mradi wa gredi ya tisa. Siku hizi mtoto hapimwi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Hupewa kazi ya mikono, mwalimu akaipima, alama na picha zikatumwa mtandaoni. Mtoto aliyefanya vizuri kupindukia huandikiwa kwamba amezidi matarajio. Aliyeshindwa yuko chini ya matarajio. Mpango wenyewe ni mzuri ukiusoma. Lakini wazazi nao ni watu, na mtoto anayesubiri kupangiwa shule ya sekondari ya juu anaweza kumfanya mzazi atende mambo ya ajabu. Watoto wa gredi ya nne walipoambiwa wasuke vikapu, vikapu vilinunuliwa sokoni. Walimu wakavipa alama za juu, huku kila mtu akiangalia pembeni.

Dolphine alilipangia darasa lake mradi wa saga. Kila mwanafunzi na tuta lake, kuanzia mbegu, ndani ya ua wa shule. Akasema wazi kwamba mkono wa mzazi hautakiwi.

Siku ya kupima alifika asubuhi mapema, akasimama penye lango akashika kiuno. Matuta ambayo jana yalikuwa na miche ya kusikitisha, leo yalijaa saga refu, jani pana, rangi ya kujivunia. Nje ya ua walisimama wazazi kadhaa wenye gambuti za tope, wakisalimiana kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mbele yao alikuwa Marcella, mama yake Joash wa darasa hilo, mwanamke anayeuza mboga soko la Ndhiwa na ambaye saga lake lina sifa mpaka Homa Bay mjini. Obare tayari alikuwa katikati ya matuta, simu mkononi.

"Njoo tupige picha haraka, Madam, kabla jua halijakuwa kali," alisema. "Leo umenifurahisha sana. Wote wamezidi matarajio."

"Nitapima saa sita, mwalimu."

"Saa sita kwa nini?"

"Ndiyo saa yangu ya kupima."

Alijua alichokuwa akikingojea, na Marcella naye alijua, kwa sababu ghafla alikatiza salamu zake. Saga likishakua halitaki kuhamishwa. Uking'oa na kupanda kwingine litakaa wima asubuhi kwa ajili ya umande, kisha jua likipanda linalala. Marcella hakuwa mjinga wa mboga. Alikuwa amepiga hesabu kwamba picha itapigwa mapema.

Saa sita ilipofika, shamba zima lilikuwa limelala chali. Aibu ilioje. Tuta moja tu lilisimama, la Liz, msichana anayeishi na dada yake kwa kuwa mama yao yuko Kisegi, ufuoni mwa ziwa, kwenye biashara ya samaki. Hakuwa na mtu wa kumletea miche usiku. Saga la Liz lilikuwa fupi, limetobolewa na wadudu, mistari imepinda. Lakini lilikuwa lake, na lilikuwa hai. Dolphine alipima tuta baada ya tuta bila kumkemea mtu. Liz alifikia matarajio. Wengine wote wakaandikwa chini.

Obare alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Unajua shule za jirani zinatuma alama gani? Za juu tupu. Wewe unataka watoto wangu peke yao waonekane wavivu?"

"Hawa watoto hawajapanda, mwalimu. Nipe nafasi wapande upya. Muda wa kutuma haujaisha."

"Jaza alama za juu leo, na wakubwa wakiniuliza kuhusu ajira yako nitafungua mdomo. Usipojaza, nitaufumba."

Dolphine alimfikiria baba yake, ambaye alikuwa ameshawaambia wanunuzi wa ndizi kwamba binti ni mwalimu wa serikali, habari ambayo ilikuwa nusu kweli. Akataka sana kusema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Tutapanda upya," akasema.

Wazazi waliitisha mkutano, na Marcella akawa wa kwanza kusimama. Alisema mwalimu huyu anawaaibisha watu wazima, aondolewe, aletwe mwingine. Kisha akamgeukia Dolphine, sauti ikashuka. "Nyathina, mwanangu, wewe hujazaa bado. Ukizaa utajua. Hakuna mama anayeona mtoto wake anashindwa akakunja mikono."

"Mama, ukimsaidia atapata alama," Dolphine alijibu. "Lakini wewe ndiye utakayekuwa umefaulu, na saga lako tunalijua tangu zamani. La Joash hatujawahi kuliona."

Watu wengine walicheka, Marcella akaketi kwa hasira. Hakuna aliyemwondoa mwalimu, labda kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuletwa.

Walipanda upya, na safari hii wazazi wakaambiwa wasikanyage ndani ya ua. Joash, mtoto wa malkia wa mboga, alifukia mbegu zake chini mno, zisiote hata moja. Akapanda tena, akazirundika pamoja kama anayelisha kuku. Dolphine alimfundisha kupunguza miche, na alipokosea alimwacha akosee, kisha akamuuliza ameona nini. Kila jioni Marcella alipita kando ya ua akitoka sokoni. Alisimama akitazama mistari ile mibovu, ulimi ukimwasha, halafu akaenda zake bila kusema neno. Hiyo ilimgharimu, na Dolphine aliona.

Alama zilipotumwa, Liz, aliyeendelea kulipalilia tuta lake, ndiye peke yake aliyezidi matarajio. Joash alikaribia matarajio tu, na wengi walikuwa hapo hapo naye. Haikuchukua muda, afisa wa elimu, Bi Nyarangi, akaja kuuliza kwa nini shule hii iko chini ilhali jirani zake wote wako juu. Obare alimpokea kwa soda na maelezo.

"Ni mwanagenzi, Madam. Bado hajakomaa. Tutambadilisha."

Dolphine alikuwa amesimama pale pale, akayasikia. "Twendeni shambani," akasema, na hakungoja ruhusa.

Bi Nyarangi alizunguka matuta yote. Mwishowe alisimama kwenye tuta la Joash akamuuliza mbona mstari mmoja una nafasi tupu. Joash alieleza jinsi alivyofukia mbegu kupita kiasi, akajaribu tena, akabananisha, akapunguza. Alichimba kwa kidole kuonyesha kina kinachofaa. Hakumtazama mwalimu hata mara moja. Watoto wengine wakaanza kugombea kueleza makosa yao, kila mmoja na lake, mpaka afisa akacheka. Kifua cha Dolphine kilijaa. Hakuwahi kuona darasa likijisifu kwa namna ile, na ni yeye aliyelifikisha pale, mwanagenzi ambaye hajakomaa.

"Huyu yumo katika majina ya ajira uliyopendekeza?" Bi Nyarangi alimuuliza Obare.

Mwalimu mkuu alikohoa. "Hayumo. Majina yalishakwenda. Nilikuwa na hasira naye." Alitazama tuta la Joash. "Leo ningemtaja wa kwanza."

"Leo umechelewa. Atangoja mwaka mwingine." Afisa akamgeukia Dolphine. "Unasikia? Ungerudishiwa zile alama, ungezibadilisha?"

Ilimuuma, tusidanganyane. Mwaka mzima tena wa kuitwa mwanagenzi, na baba wa kuelezwa. Lakini alipofungua mdomo sauti haikutetemeka. "Singebadilisha hata moja, Madam."

Mgeni alipoondoka, Marcella aliingia kwa lango, mara yake ya kwanza tangu aambiwe asikanyage. Alikuwa amesikia yote akiwa nje ya ua. Alisimama mbele ya saga la mwanawe, dogo, lenye mapengo, ambalo yeye asingelitandaza sokoni hata mbele ya jirani. Alilitazama kwa muda, macho yakamlowa, akayafuta kwa ncha ya leso.

"Mwalimu," alisema, na hakusema nyathina. "Mdogo wake Joash anaingia gredi ya saba. Usihame. Umpe alama zake mwenyewe, hata zikiwa ndogo namna hii."

"Nipo, mama," Dolphine alisema. Kengele ya Hisabati ililia, akaenda kufundisha.