Tembo wa Paddy

Katika soko la mitumba la Busia, upande wa Uganda, hakuna aliyejua kung'arisha midoli kama Apolot. Siri yake ilikuwa kitambaa na mafuta ya taa. Alama za kalamu zilitoka, uchafu wa watoto wa Ulaya ukatoka nazo, na kitu cha miaka kumi kikang'aa kama kimezaliwa asubuhi. Midoli ya bintiye Atai, huko nyumbani Kwapa, aliiosha kwa sabuni na maji yaliyochemka, akaianika juani. Kwa nini alitofautisha, hakuwahi kujiuliza. Biashara ina mambo yake.

Jumatatu Nangila, muuza mboga wa ng'ambo, upande wa Kenya, alipita kumshukuru.

"Mama Atai, yule tembo wa mpira uliyeniuzia ameniokoa. Paddy anaota meno, hataki kingine. Mkonga wote uko mdomoni, analala nao."

"Analala nao," Apolot akasema.

"Juzi katapika kidogo. Meno hayo."

Apolot alikubali kwamba ni meno. Alikubali mchana kutwa, kwa bidii ya mtu anayelipwa kukubali. Jioni Atai alitia kayamba lake mdomoni, kayamba safi, na kukubali kukamshinda mama yake.

Asubuhi Apolot alivuka mpaka hadi nyumbani kwa Nangila na kipande cha sabuni na flaski ya maji ya moto, kitambaa chake cha kazi kikiwa begani.

"Siku hizi unaosha mpaka vilivyouzwa?" Nangila akamtania. "Hata sakafu yangu iko hapa."

"Dada, ile tembo mimi nilipanguza na hiki kitambaa cha mafuta ya taa. Zote napanguza hivyo."

Nangila hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alimnyang'anya Paddy tembo wake, akaleta beseni.

Apolot aliosha mara tatu, akasuuza kwa maji ya moto. Nangila akampokea tembo, akamnusa, akamrudisha.

"Anza wewe."

Apolot akautia mkonga mdomoni, akautafuna, Paddy akimtazama kwa wivu. Kwanza ilikuja ladha ya sabuni. Kisha, nyuma ya sabuni, mafuta. Angeweza kumeza mate akanyamaza, nani angejua?

"Bado," akasema.

Tembo akatupwa chooni. Nangila akamfunga mgongoni mtoto anayelia, akachukua kitabu chake cha kliniki.

"Twende," akasema. "Daktari utamweleza wewe, na kitambaa chako usikisahau, akinuse mwenyewe."